Jodari mapezi-njano: maisha yake baharini na safari yake hadi sokoni

JODARI mapezi-njano ni samaki mkubwa wa bahari kuu anayeishi kwa kuwinda samaki wengine, ngisi na jamii ya kamba. Ni miongoni mwa samaki wanaobeba biashara ya uvuvi katika Bahari ya Hindi, kuanzia Oman na Maldives hadi Kenya, Tanzania, Shelisheli na Msumbiji. Wanasayansi humwita Thunnus albacares. Jina hilo limewachanganya watu wengi, kwa kuwa samaki anayeuzwa kwenye makopo ya Ulaya kwa jina la albacore ni jodari mwingine kabisa, Thunnus alalunga, mwenye mapezi marefu ya ubavuni na nyama nyeupe zaidi. Anayesoma lebo au ankara ya mzigo ni vizuri alifahamu hilo mapema, maana bei hazifanani na namba za ushuru hazifanani.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki jina jodari hutumika kwa upana, na katika magati mengi jodari wadogo wenye mistari huitwa sehewa. Nguru, ambaye wanunuzi wa bara humchanganya na jodari akishakatwa vipande, ni samaki wa ukoo wa karibu lakini huishi zaidi kandokando ya pwani na nyama yake ni nyeupe. Jodari akikatwa hutoa nyama nyekundu, na sababu ya wekundu huo ndiyo inayoamua mambo mengi katika biashara yake, kama itakavyoelezwa.

Namna ya kumtambua

Mapezi-njano aliyekomaa ana mgongo wa buluu iliyoiva, ubavu wenye rangi ya dhahabu na tumbo la fedha. Tumboni mara nyingi huwa na mistari iliyokatikakatika, kama ishirini hivi, inayoshuka karibu wima. Pezi la pili la mgongoni na lile la chini karibu na mkia ni la njano, na kwa samaki wakubwa huwa refu mno, limepinda kama mundu. Vipezi vidogo vinavyofuatana kuelekea mkiani navyo ni vya njano, vyenye ukingo mwembamba mweusi.

Urefu wake unaweza kufika mita 2.4 na uzito wake kilo 200. Rekodi ya dunia kwa uvuvi wa ndoana na fimbo ni ya samaki wa kilo 193.68 aliyevuliwa Mexico mwaka 2012. Hao ni wachache. Wengi wanaofikishwa sokoni na wavuvi wa mwambao ni wadogo zaidi ya hapo, na wale wanaovuliwa chini ya maboya ya meli kubwa mara nyingi hawafiki kilo 10.

Hapo kwenye wadogo ndipo penye shida. Jodari mapezi-njano mchanga na jodari macho-makubwa mchanga hufanana kiasi kwamba hata wakaguzi hukosea, hasa samaki wakiwa wameganda. Njia ya uhakika ni kumpasua na kutazama ini. Ini la macho-makubwa lina mistari mingi myembamba juu yake, wakati ini la mapezi-njano ni laini na sehemu yake ya kulia ni ndefu kuliko nyingine. Mnunuzi anayelipia mzigo wa tani kadhaa hapotezi kitu akiomba samaki wawili watatu wapasuliwe mbele yake.

Injini isiyozimika

Samaki wengi husukuma maji kwenye matamvua, au mashavu kama wanavyosema wavuvi, kwa kufungua na kufunga mdomo. Jodari hategemei njia hiyo. Yeye huogelea mdomo ukiwa wazi kidogo na maji hupita yenyewe kwa kasi ya mwendo wake. Maana yake ni kwamba hawezi kusimama. Akisimama, anakosa hewa na anakufa. Tangu anapokuwa samaki kamili hadi mwisho wa maisha yake huwa anaogelea, usiku na mchana.

Kazi hiyo inahitaji misuli ya aina yake. Ndani ya mwili, karibu na uti wa mgongo, jodari ana ukanda wa nyama nyekundu iliyoiva, iliyojaa damu na chembe za kuhifadhi oksijeni. Hiyo ndiyo misuli ya safari, ile isiyochoka. Nyama inayoizunguka ni ya mbio za ghafla anapokimbiza windo. Kwa mfanyabiashara wa gari ni rahisi kuelewa: kuna injini ya kwenda masafa marefu kwa mafuta machache, na kuna ya kupandia mlima.

La ajabu zaidi ni joto. Samaki wa kawaida ana joto lilelile la maji aliyomo, kwa sababu damu yake hupoa kila inapopita kwenye matamvua. Kwa jodari, mishipa inayopeleka damu baridi kwenye misuli imesukwa pamoja na ile inayorudisha damu ya moto, ikipakana kwa maelfu ya nyuzi nyembamba. Damu inayotoka huiachia joto damu inayoingia kabla haijafika kwenye matamvua, hivyo joto la kazi hubaki mwilini. Misuli yake huwa na joto kuliko bahari inayomzunguka, na akipigana na ndoana kwa muda mrefu joto hilo hupanda zaidi.

Moyo wake lakini haufaidiki na mpango huo, kwa kuwa hupokea damu yenye ubaridi wa maji ya nje. Ndiyo maana mapezi-njano hupendelea tabaka la juu la bahari, takriban mita 100 za kwanza, ambako maji ni ya moto na yana oksijeni ya kutosha. Akishuka kwenye maji baridi moyo hupunguza mapigo na lazima arudi juu. Hata hivyo ana uwezo wa kushangaza kwa muda mfupi: samaki aliyefungwa kifaa cha kupima kina katika Bahari ya Hindi ya magharibi alionekana kuzama zaidi ya mita 1,000 kisha akarudi. Macho-makubwa yeye hustahimili baridi vizuri zaidi, ndiyo maana meli za mishipi mirefu zinazomtafuta hushusha ndoana zake kwenye kina kikubwa zaidi.

Anachokula, na anayemla

Jodari hachagui sana. Tumboni mwake hukutwa samaki wadogo wa aina nyingi, ngisi, viluwiluwi vya kaa, na jamii ya kamba. Huwinda kwa macho na mara nyingi mchana, kwa makundi yanayozunguka dagaa na kuwasukuma juu mpaka maji yanachemka. Ndege wa baharini huona kabla ya binadamu, na nahodha mzoefu huwatazama ndege. Katika Bahari ya Arabuni na karibu na Maldives, jodari wakubwa husafiri pamoja na pomboo, na wavuvi wa Oman na Maldives hufuata pomboo ili kumpata jodari chini yao.

Mapema miaka ya 2000 Bahari ya Hindi ya magharibi ilitoa mfano mzuri wa namna chakula kinavyoendesha biashara. Kiumbe mmoja mdogo wa jamii ya kamba, mwenye mikono ya kukunja kama ya vunjajungu, aitwaye Natosquilla investigatoris, alizaliana kwa wingi usio wa kawaida na kuelea katika makundi makubwa karibu na uso wa bahari. Jodari walikusanyika kumla, na meli zikakusanyika kuwavua jodari. Mwaka 2004 mavuno ya mapezi-njano katika Bahari ya Hindi yalipita tani 500,000, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Viwanda vilipanuka, meli ziliongezeka, na wapo walioamini kwamba hiyo ndiyo hali mpya ya bahari. Haikuwa hivyo. Makundi ya kamba hao yalipotea, uharamia wa Somalia ukazifukuza meli kutoka maeneo bora, na kufikia 2009 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 300,000. Aliyekopa kujenga ghala la baridi kwa hesabu ya miaka ile minono alibaki na deni na ghala lenye nafasi.

Adui wa jodari mkubwa ni papa, sulisuli wakubwa na nyangumi wenye meno. Jodari mchanga ana maadui wengi zaidi, wakiwemo jodari wenzake.

Kuzaliana

Mapezi-njano hutaga katika maji ya moto, kwa kawaida yaliyozidi nyuzi 24 za Sentigredi. Katika Bahari ya Hindi msimu mkuu ni Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, katika ukanda ulio kusini kidogo ya ikweta na magharibi zaidi ya bahari hiyo. Maeneo mengine ya kutagia yapo kuelekea Sri Lanka na katika Mkondo wa Msumbiji.

Jike mmoja mkubwa hutoa mayai yanayofika mamilioni kwa mara moja, na katika kilele cha msimu hurudia baada ya siku moja au mbili. Yai lina upana wa takriban milimita moja tu, huelea, na huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Kati ya mamilioni hayo wanaofikia umri wa kutaga ni wachache mno. Sehemu kubwa ya samaki hukomaa wanapokaribia urefu wa mita moja. Mwanzoni hukua polepole, kisha wakishapita sentimita 60 hivi hukua kwa kasi kubwa.

Kiuchumi, namba hiyo ya mita moja ina uzito. Samaki wa kilo tatu anayevuliwa leo chini ya boya angekuwa na uzito mara kadhaa baada ya mwaka mmoja au miwili, na angekuwa ameshataga. Kwa wingi wa mayai jodari hustahimili uvuvi kuliko papa, anayezaa watoto wachache. Lakini kustahimili si kutokwisha.

Safari na misimu

Kati ya 2005 na 2007 ulifanyika mradi mkubwa wa kuwafunga jodari alama katika Bahari ya Hindi. Samaki zaidi ya 168,000 wa aina tatu, yaani mapezi-njano, macho-makubwa na jodari wadogo wa mistari, walivuliwa kwa ndoana, wakafungwa kijialama cha plastiki mgongoni na kuachiwa. Wengi wao waliachiwa katika maji ya Tanzania. Zaidi ya mmoja kati ya kila saba alinaswa tena na alama yake kurudishwa, nyingi zikipatikana wakati wa kupakua meli bandarini Victoria, Shelisheli. Samaki walioachiwa mwambao wa Tanzania walionekana tena Somalia, Shelisheli, Mkondo wa Msumbiji na hata mashariki zaidi. Kwa hiyo jodari wa Mafia na jodari wa Mahé si mali mbili. Ni fungu lilelile linalovuliwa na watu tofauti.

Meli kubwa za nyavu za kuzungusha hufuata mzunguko unaojirudia. Kuanzia Agosti hadi Novemba huwa nje ya Somalia, ambako pepo za kusi zimesukuma maji ya juu na kupandisha maji ya chini yenye rutuba. Mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata hutafuta makundi ya samaki wakubwa wanaotaga upande wa Shelisheli. Machi hadi Mei nyingi huelekea Mkondo wa Msumbiji. Kwa mvuvi wa mashua ya Shimoni, Watamu, Pemba au Nungwi, hesabu ni nyingine: mlango wa Pemba una kina kinachofika mita 800 hivi karibu kabisa na nchi kavu, hivyo samaki wa bahari kuu hupita mahali ambapo mshipi wa mkono unaweza kumfikia, ilimradi upepo umruhusu kutoka.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba katika Bahari ya Hindi karibu nusu ya jodari wote huvuliwa na wavuvi wadogo na wa kati wa nchi za pwani, kwa mishipi, jarife na ndoana, wala si meli za Ulaya na Asia pekee. Katika bahari nyingine haiko hivyo.

Maboya na mabishano

Jodari wachanga wana tabia ya kukusanyika chini ya kitu chochote kinachoelea, liwe gogo au nyangumi aliyekufa. Meli zikaigeuza tabia hiyo kuwa mtambo. Leo maboya yenye vifaa vya satelaiti na vipimo vya sauti huachwa yaelee, na nahodha husoma akiwa mbali ni boya lipi lina samaki chini yake. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, iliweka ukomo wa maboya 550 yanayofanya kazi kwa kila meli mwaka 2015, ukashuka hadi 300 kwa uamuzi wa 2019, na mwaka 2024 ikakubaliwa yapunguzwe zaidi kwa hatua. Kenya ni mwanachama wa kamisheni hiyo tangu 2004 na Tanzania tangu 2007.

Tathmini ya 2015 ilisema mapezi-njano wa Bahari ya Hindi wamevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2016 ukapitishwa mpango wa kuwarejesha, ambapo meli za nyavu za kuzungusha za nchi zenye mavuno makubwa zilitakiwa kupunguza asilimia 15 ya kiwango cha 2014, na za mishipi mirefu na jarife asilimia 10. Baadhi ya nchi zilipinga maamuzi yaliyofuata na hazikubanwa nayo. Tathmini ya 2024, iliyotumia takwimu zilizorekebishwa na mbinu mpya, ilionyesha kuwa samaki hao hawako tena katika hali ya kuvuliwa kupita kiasi. Wafanyabiashara walifurahi. Ni vizuri kukumbuka kwamba sehemu ya mabadiliko hayo ni ya hesabu kwenye karatasi kama ilivyo ya samaki baharini.

Joto, barafu na mzigo kukataliwa

Hapa ndipo tabia ya samaki inapokutana na lori. Jodari anatoka majini akiwa wa moto, hasa akiwa amepigana. Joto hilo likibaki, nyama hupauka, hulegea na kuonekana kama imechemshwa, na soko la nyama mbichi humkataa. Mvuvi anayejua kazi humuua haraka, humtoa damu, huondoa matumbo na matamvua, kisha humlaza kwenye mchanganyiko wa barafu na maji ya bahari, unaopoza kwa kasi kuliko barafu kavu ya vipande.

Hatari kubwa zaidi haionekani wala kunuka. Nyama nyekundu ya jodari ina histidini kwa wingi. Bakteria wakipata joto huigeuza kuwa histamini, inayomletea mlaji kuwashwa, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na kutapika. Histamini ikishatengenezwa haiondoki kwa kupika, kugandisha, kutia chumvi wala kuweka koponi. Kumgandisha samaki aliyekwisha kuharibika ni kuhifadhi uharibifu wenyewe. Umoja wa Ulaya hupima sampuli tisa kwa mzigo: wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, zisizozidi mbili ndizo zinaweza kuwa kati ya 100 na 200, na hata moja isivuke 200. Mzigo mmoja ulioachwa juani saa chache kabla ya barafu unaweza kurudishwa baada ya kusafiri wiki nzima, na gharama zote ni za aliyeupeleka.

Kwa msafirishaji kanuni ni nyepesi kusema na ngumu kutenda: samaki mbichi abaki karibu na joto la barafu inayoyeyuka, aliyegandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, na anayekusudiwa kuliwa mbichi Japani husafiri kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Jodari aliyegandishwa ndani ya maji ya chumvi kwenye nyuzi 9 chini ya sifuri, kama zifanyavyo meli nyingi, anaruhusiwa Ulaya kwa kazi ya makopo tu. Kumuuza kama minofu ya kuliwa mbichi ni udanganyifu. Kadhalika nyama iliyopulizwa gesi ya kaboni monoksaidi ibaki nyekundu kama tikiti haikubaliki katika soko hilo.

Karatasi za mzigo

Namba za ushuru za mapezi-njano ni 0302.32 kwa mbichi au aliyepozwa, na 0303.42 kwa aliyegandishwa akiwa mzima. Macho-makubwa ni 0302.34 na 0303.44. Minofu iliyogandishwa ya jodari huingia 0304.87, na aliyetayarishwa au wa kopo 1604.14. Kuandika mapezi-njano mahali pa macho-makubwa ni kosa la forodha hata kama lilitokea gatini kwa kutotazama ini.

Tangu Januari 1, 2010 Ulaya hutaka cheti cha uvuvi kinachoonyesha chombo, eneo na tarehe, kilichothibitishwa na nchi ya bendera. Suala la uasili wa bidhaa nalo huwatatiza wengi. Samaki aliyevuliwa nje ya maili 12 hapati uasili wa nchi kwa kuwa tu alikuwa katika maji yake ya kiuchumi. Kinachotazamwa ni chombo kilichomvua na bendera yake. Jodari aliyevuliwa na meli ya kigeni mbele ya Mtwara na kushushwa Mombasa si lazima awe wa Afrika Mashariki machoni pa forodha.

Watanzania wanakumbuka meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 ikiwa na jodari karibu tani 300 kwa tuhuma za kuvua bila leseni. Mzigo huo uliitwa mitaani samaki wa Magufuli, kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Nahodha na wakala walitiwa hatiani mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikawaachia. Samaki walikuwa wameshagawiwa na kuliwa siku nyingi.